Shokapu ya buti ukiibana, nguvu inaongezeka kiasi gani? Nimepima kwa mizani ya bafuni, njooni tubishane

#1 Kijana wa Barabara 13
Habari za jioni wana jukwaa. Nina Noah ya zamani, mlango wa nyuma mzito kama wa ghala la mkonge. Shokapu za gesi za kuushikilia zilishachoka, mwaka mzima naegemeza kwa mti wa mwarobaini. Wiki iliyopita nikanunua za mtumba hapa hapa Ngamiani, Tanga, ubavuni zimeandikwa 400N, yaani nguvu ya Newton 400.

Kabla ya kuzifunga nikasema ngoja niibane moja kwa mikono. Nimeisimamisha sakafuni, nasukuma, haisogei hata nywele. Nikailalia kwa kifua, ikaanza kuingia. Ajabu ni kwamba ilipoanza ikaendelea vile vile mpaka karibu na mwisho. Ngumu iliongezeka, ndiyo, lakini si sana.

Sasa springi ya chuma mwanzo laini, mwisho ngumu. Pampu ya baiskeli nayo, ukiziba tundu kwa kidole ukasukuma, mwanzo inaenda kama maji, mwisho hata uikalie haisogei. Hii ya gesi mbona imekataa mwanzo halafu ikawa mpole? Si gesi ile ile? Mwenye kujua nguvu inavyopanda atueleze.

#2 Mzee wa Kahawa Chungu
Navuta mkeka. Wajuzi waje.

#3 Fundi Kange
Dogo, humo ndani kuna oili. Oili haibaniki. Ile ngumu uliyoikuta mwanzo ni oili inatafuta tundu la kupitia kwenye pistoni, ikishaanza kupita unaona inaenda. Gesi ni ya kusukumia oili tu. Nimepasua nyingi, oili hutoka.

#4 Mwalimu Chaki
Fundi kwa heshima zote, hapo umeteleza. Oili humo ni vijiko viwili vitatu, ya kulainisha sili (ile ruba inayobana rodi) na kupunguza kishindo rodi ikifika mwisho. Ingekuwa ni oili tu inatafuta tundu, ukiacha kusukuma rodi ingetulia ilipo. Lakini hurudi nje yenyewe kwa nguvu. Anayeirudisha ni naitrojeni iliyojazwa kwa kanieneo kubwa.

Chukua rodi ya milimita 8. Eneo la mkato wake ni nusu sentimita ya mraba. Kupata Newton 400 kwenye eneo dogo hivyo, gesi lazima iwe na presha ya kama PSI 1,150. Tairi la gari lako lina 32 hivi. Ndiyo maana mwanzo imekukatalia: gesi ilikuwa imeshabanwa kiwandani kabla hujaigusa. Springi ya chuma ukiikuta mezani haina deni na mtu, hii ina deni tayari.

Kuhusu kwa nini haipandi kama pampu: kwenye pampu pistoni inafagia hewa yote. Ukifika nusu, ujazo umekuwa nusu na presha mara mbili. Ukifika robo, mara nne. Kwenye shokapu ya buti pistoni ina tundu, gesi inapita kwenda upande wa pili. Kinachopunguza nafasi ni ile rodi tu inayoingia ndani.

#5 Machungwa ya Muheza
Mwalimu, mimi sijaelewa hapo. Nguvu ni presha mara eneo la PISTONI. Tulisoma hivyo. Rodi inahusikaje?

#6 Mwalimu Chaki
Pistoni inasukumwa pande zote mbili kwa presha ile ile kwa sababu ya tundu. Upande wa nyuma inasukumwa uso mzima. Upande wa rodi inasukumwa uso kasoro sehemu iliyozibwa na rodi. Ukitoa, inabaki eneo la rodi. Ingekuwa pistoni nzima, yenye kipenyo cha milimita 15 au 16, kwa presha ile ungehitaji kilo 140 na zaidi kuibana. Kijana wa Barabara 13 kailalia kwa kifua chake peke yake.

#7 Machungwa ya Muheza
Sawa, nimekubali. Ila kifua chake hatujakiona.

#8 Binti Makorora
Jamani mnaongea kama mnakagua meli. Mimi nimeelewa hivi, mwalimu nisahihishe: pampu ni kama kukandamiza mfuniko ukashuka mpaka chini ya sufuria. Shokapu ni kama kuchovya mwiko kwenye sufuria iliyofunikwa ukazibwa pembeni. Mwiko umeingia wote, lakini sufuria bado ina nafasi kubwa. Hewa imebanwa kidogo tu.

#9 Mwalimu Chaki
Dada, kesho njoo ufundishe kipindi changu.

#10 Mzee wa Kahawa Chungu
Mwiko upo, sufuria ipo, pilau haipo. Tuendelee.

#11 Seremala wa Chuda
Naleta kesi ya jikoni. Nafunga kabati za kunyanyulia juu, natumia vishokapu vya 80N na 100N. Ukishusha mlango, pale kati unasukuma kwa nguvu, lakini zikibaki inchi mbili mlango unajifunga wenyewe na kubaki umefungwa. Maana yake kadiri unavyoibana ndivyo nguvu INAPUNGUA. Ingekuwa inaongezeka, mlango ungefunguka saa hiyo hiyo. Mwalimu na hesabu zake, mimi niko na bisibisi mkononi.

#12 Baharia Mstaafu
Fundi seremala, kitu unachohisi mkononi si nguvu ya shokapu, ni nguvu mara umbali wake kutoka kwenye bawaba. Nenda kasukume mlango wa chumbani karibu na bawaba. Nguvu unayo, mlango hausogei. Mlango wa kabati ukikaribia kufunga, shokapu inalala na msitari wake unapita karibu kabisa na bawaba. Inasukuma kwa nguvu kuliko muda wote, lakini inausukuma ukuta. Ukipita upande wa pili wa bawaba hata sentimita, nguvu ile ile inafunga badala ya kufungua. Melini vifuniko vya injini vilikuwa hivyo.

#13 Seremala wa Chuda
Kwa hiyo nikitoa skrubu nikaisogeza mbali na bawaba mlango utakataa kufunga?

#14 Baharia Mstaafu
Utakataa, na utakupiga kidevu.

#15 Seremala wa Chuda
Nimejaribu kwenye kabati moja hapa karakana. Imekataa kufunga kweli. Kidevu kizima. Lakini bado sijakubali kwamba nguvu yenyewe inaongezeka, mmethibitisha kona tu, hamjathibitisha gesi.

#16 Mzee wa Kahawa Chungu
Huyu bwana anafaa kuwa wakili.

#17 Kijana wa Barabara 13
Wakuu, nimerudi na vipimo. Nimeazima mizani ya bafuni ya shangazi, ile ya mshale. Nimesimamisha shokapu juu yake, silinda chini rodi juu, juu ya rodi nimeweka kibao chenye tundu la kuchongwa isiteleze. Nimeweka alama kwa kalamu kila sentimita 5. Shemeji kasoma mshale, mimi nabana taratibu.

Ikiingia: sentimita 1 kilo 41, sentimita 5 kilo 43, sentimita 10 kilo 46, sentimita 15 kilo 50, sentimita 19 kilo 53. Hapo ndio karibu mwisho.

Halafu nikaiachia kidogo kidogo. Sentimita 19 kilo 47, 15 kilo 44, 10 kilo 41, 5 kilo 38, na sentimita 1 kilo 36.

Sehemu ile ile, gesi ile ile, kuingia kilo 46 na kutoka kilo 41! Nimerudia mara tatu, hazipishani zaidi ya kilo moja.

#18 Binti Makorora
Shangazi anajua mizani yake iko gereji?

#19 Kijana wa Barabara 13
Shangazi yuko Pangani, anarudi Jumamosi.

#20 Machungwa ya Muheza
Umetoa uzito wa shokapu yenyewe na kibao? Mizani inapima vyote.

#21 Kijana wa Barabara 13
Vyote pamoja havifiki hata nusu kilo. Mshale haukutikisika.

#22 Mwalimu Chaki
Kazi safi kabisa. Kwanza Seremala aone: 41 mpaka 53, inapanda. Kesi imekwisha.

Pili, pishano la kuingia na kutoka ni msuguano wa sili. Sili inabana rodi isivujishe. Ukisukuma ndani unapigana na gesi na sili. Ukiachia, gesi inakusukuma wewe lakini sili inaizuia. Kwa hiyo gesi halisi iko katikati: mwanzo 38 na nusu, mwisho 50. Sili inakula kilo mbili na nusu hadi tatu kila upande.

Tatu, hesabu. Rodi ya nusu sentimita ya mraba ikiingia sentimita 19 inachukua sentimita za ujazo 9 na nusu. Tuseme gesi ilikuwa na nafasi ya 40 rodi ikiwa nje. Sentimita 1 inabaki 39.5, sentimita 19 inabaki 30.5. Gawanya, unapata 1.295. Zidisha 38.5 kwa hiyo, unapata 49.9. Vipimo vimetoa 50. Mwanasayansi Robert Boyle aliisema hiyo kanuni mwaka 1662: ujazo ukipungua presha inapanda kwa uwiano huo huo, joto likibaki lile lile.

#23 Seremala wa Chuda
"Tuseme 40." Mwalimu, 40 umeitoa wapi? Umeichagua ili jibu litoke.

#24 Mwalimu Chaki
Hahaha. Nimeikisia kwa kipenyo na urefu wa silinda, nikatoa nafasi ya oili. Kukisia si kuchagua.

#25 Seremala wa Chuda
Fundi akikisia mnasema anabahatisha.

#26 Fundi Kange
"Nikatoa nafasi ya OILI." Mmemsikia mwalimu? Oili imerudi mlangoni na kandambili mkononi. Mimi nilisema oili mkanicheka.

#27 Baharia Mstaafu
Fundi Kange hapo ana hoja, tusimnyime. Oili haibaniki, kwa hiyo kila kijiko cha oili kinaipunguzia gesi nafasi. Gesi ikiwa na nafasi ndogo tangu mwanzo, rodi ile ile ikiingia inaibana kwa uwiano mkubwa zaidi. Nafasi 40 ukitoa 10 zinabaki 30, nguvu imeongezeka theluthi. Nafasi 30 ukitoa 10 zinabaki 20, imeongezeka nusu nzima. Watengenezaji hutumia oili kuchagua shokapu ipande sana au kidogo. Nyingi za milango ya magari huishia na nguvu kati ya mara 1.2 na 1.4 ya ile ya mwanzo, na ya kijana ni 1.3, imekaa mle mle.

Ila Newton 400 za mwanzo hazitoki kwenye oili, hizo ni za gesi.

#28 Fundi Kange
Nusu ya kombe naichukua.

#29 Mwarabu wa Chai
Samahani natoka nje ya mada kidogo: 400N ni kilo ngapi? Dukani wanauza kwa N na muuzaji mwenyewe hajui.

#30 Machungwa ya Muheza
Gawa kwa 9.8. Kilo 41 kasoro.

#31 Baharia Mstaafu
Na hapo kuna jambo. Namba ya ubavuni kwa kawaida hupimwa rodi ikiwa karibu yote nje, ikiwa inatoka, kwenye nyuzi joto 20. Kijana amepata kilo 36 ikitoka. Hiyo ni kama Newton 353. Na Tanga hii ya jasho lazima ilikuwa zaidi ya nyuzi 20, maana yake ingepaswa kuzidi 400, si kupungua. Shokapu yako imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi.

#32 Mzee wa Kahawa Chungu
Tanga, waja leo waondoka leo. Mpaka gesi.

#33 Kijana wa Barabara 13
Nimeumia. Muuzaji aliniambia "hizi mpya kabisa, zimetoka tu kwenye gari."

#34 Dereva wa Milimani
Mmegusa joto, ngoja nitoe yangu. Napeleka abiria Lushoto. Mwezi wa saba, alfajiri, nimefungua buti abiria achukue begi la karoti, buti likashuka taratibu kama mtu anasinzia likatua begani kwangu. Mchana nimerudi Tanga, buti lile lile limesimama kama mlinzi wa getini. Mafundi wawili waliniambia shokapu mbovu. Mbona Tanga si mbovu?

#35 Mwalimu Chaki
Presha inafuata joto, lakini hesabu ianzie nyuzi 273 chini ya sifuri. Tanga mchana 30 ni 303. Lushoto alfajiri, tuseme 10, ni 283. Umepoteza karibu asilimia 7. Shokapu nzima haijali. Iliyochoka, iliyokuwa inashikilia kwa ncha ya kucha, hiyo asilimia 7 inaiangusha.

#36 Machungwa ya Muheza
Asilimia 7 ndiyo ikuangushie buti? Mimi nadhani ni bawaba. Kule gari linasimama kwenye mteremko, buti haliko wima kama lilivyokuwa Tanga. Baharia si amesema habari za kona?

#37 Dereva wa Milimani
Ni kweli naegesha kwenye mteremko. Lakini siku zote ni mteremko ule ule, na mwezi wa pili halishuki.

#38 Machungwa ya Muheza
Mwezi wa pili unabeba karoti?

#39 Dereva wa Milimani
Karoti haziko mlangoni ndugu yangu, ziko sakafuni.

#40 Binti Makorora
Mtu asome hii kabla hajaingia kichwa kichwa. Jirani yetu alipeleka shokapu iliyochoka kwa mchomeleaji akatiwe rodi atumie kama mhimili wa toroli. Mchomeleaji kawasha moto. Rodi ilitoka ikapita kwenye bati la banda, oili ya moto ikamrukia mkono. Alishukuru Mungu tu kwamba hakuwa ameinama juu yake. PSI 1,150 mnazozitaja hapa si mchezo, na moto unaziongeza.

#41 Baharia Mstaafu
Asante dada. Usichome, usitoboe, usitupe motoni. Hata iliyochoka. Kuchoka kwake ni kupoteza sehemu, si yote.

#42 Mwarabu wa Chai
Sasa kama imepungua, si naweza kutoboa katundu nikaweka vavu ya tairi nikajaza kwa kompresa? Hapa njia panda wanajaza kwa mia tano.

#43 Mwalimu Chaki
Post mbili juu umeambiwa usitoboe!

#44 Baharia Mstaafu
Kompresa ya njia panda haifiki hata PSI 200, wewe unataka elfu na zaidi. Na hewa ya kawaida ina oksijeni na unyevu. Oksijeni na oili kwenye presha kubwa hazikai pamoja kwa amani, na unyevu unaleta kutu ndani. Naitrojeni ni kavu na haiwaki, ndiyo maana wanaitumia hiyo.

Na kwa watu wa pwani: kinachoua shokapu zetu ni chumvi. Rodi ikipata doa la kutu linalokwaruza, kila ikiingia inakata sili kama msasa. Pitisha kitambaa, na ifunge rodi ikiangalia chini ili oili ikae juu ya sili isikauke.

#45 Fundi Kange
Hiyo ya rodi chini hata mimi nawaambia wateja kila siku. Wanafunga vyovyote halafu wanarudi kwangu na lawama.

#46 Mwalimu Chaki
Kidokezo cha pembeni. Boyle mwenyewe aliizungumzia hewa kama springi. Na aliyemtengenezea pampu yake ya hewa alikuwa Robert Hooke, huyo huyo tunayemjua kwa kanuni ya springi ya chuma aliyoitoa 1678: vuta mara mbili, nguvu mara mbili. Springi mbili za post namba 1 zilitoka mikononi mwa watu waliokuwa wakifanya kazi chumba kimoja.

#47 Mzee wa Kahawa Chungu
Na hawakuwa na mizani ya shangazi.

#48 Kijana wa Barabara 13
Wakuu, kuna kitu sikusema kwa sababu nilidhani ni kosa langu. Nikifika sentimita 19 mshale unasema 53. Nikitulia hapo hapo bila kusogea, mshale unashuka wenyewe. Dakika moja hivi unafika 50. Halafu unakwama. Sijaachia, alama ya kalamu iko pale pale. Kilo 3 zimeenda wapi?

#49 Mwalimu Chaki
Swali zuri kuliko lote! Ni joto. Ukibana gesi inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kidole. Gesi ya moto inasukuma zaidi. Ukitulia, joto linatoka kupitia chuma, presha inashuka. Ukibana kwa haraka sana joto lisipate nafasi ya kutoka, ule uwiano wa 1.3 unaupandisha kwa kipeo cha 1.4, unafika karibu 1.44. Kwa hiyo namba yoyote kati ya 50 na 55 inawezekana, kutegemea haraka yako.

#50 Fundi Kange
Amesema amebana TARATIBU. Joto gani? Hiyo ni sili. Ruba ikisukumwa inajikunja kuelekea ndani, ukitulia inajinyoosha. Wewe mwenyewe umesema sili inakula kilo mbili na nusu hadi tatu. Zilizopotea ni ngapi? Tatu.

#51 Mwalimu Chaki
Hmm.

#52 Baharia Mstaafu
Naongeza mchanganyiko. Kijana alipima rodi ikiwa JUU. Oili yote ilikuwa chini ya silinda. Sentimita za mwisho pistoni inaingia kwenye oili, na oili inapita tunduni kwa taabu kuliko gesi. Ikiwa inatembea, oili inazuia. Ikisimama, haizuii tena. Hilo nalo linashusha mshale.

#53 Fundi Kange
OILI tena! Andika hiyo.

#54 Machungwa ya Muheza
Na mimi nasema ni mizani. Ya mshale ina springi humo ndani, ukiiwekea mzigo mshale unatafuta pa kukaa. Panda wewe mwenyewe juu yake, ukae dakika moja, tuone kama hujapungua.

#55 Kijana wa Barabara 13
Nimepanda. 71, dakika moja baadaye 71 kasoro kidogo. Labda robo kilo.

#56 Binti Makorora
Hizo robo ni wali wa mchana unashuka.

#57 Seremala wa Chuda
Mnahangaika. Jaribu kinyume. Ibane mpaka mwisho, achia kidogo mpaka sentimita 15, utulie. Kama ni sili, mshale utapanda. Kama ni joto utashuka.

#58 Mwalimu Chaki
Hapana fundi, hapo ndipo utamu. Gesi ikipanuka inapoa, halafu ikitulia inapata joto kutoka nje, nayo presha inapanda. Sili ikijinyoosha, inapanda. Zote mbili zinapanda. Jaribio lako halitenganishi kitu.

#59 Kijana wa Barabara 13
Nimefanya hata hivyo. 44 imepanda 45 na nusu.

#60 Seremala wa Chuda
Sawa. Basi nenda polepole sana. Sentimita moja kwa dakika. Joto lote litakuwa limeshatoka, likibaki pengo ni la sili.

#61 Baharia Mstaafu
Na safari hii rodi ichungulie chini, tuitoe oili kwenye kesi.

#62 Fundi Kange
Mkono wa mtu hauwezi sentimita moja kwa dakika. Mlete gerejini, nina presi ya kutolea beringi, inasukumwa na jeki ya oili. Aje kesho saa nne, bure. Ila mizani alete yeye.

#63 Binti Makorora
Kesho ni Ijumaa. Shangazi Jumamosi. Muda wenu mfupi.

#64 Kijana wa Barabara 13
Tumetoka kwa Fundi Kange sasa hivi. Rodi chini, mizani chini ya kila kitu, jeki inapigwa kidogo kidogo, dakika 20 nzima kuifikisha sentimita 19. Mshale: 52. Tukaacha. Dakika moja 51 na nusu. Dakika tano, 51. Hapo ukakaa.

#65 Fundi Kange
Sili! Joto lilishatoka, oili iko upande wa pili, na bado imeshuka.

#66 Mwalimu Chaki
Imeshuka kilo moja badala ya tatu. Hizo mbili zilizokosekana ni za nani? Za joto.

#67 Baharia Mstaafu
Au za oili, kwa sababu safari hii tuliigeuza. Mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo, hamwezi kujua. Hata mimi nilichangia kosa, nilisema igeuzwe.

#68 Machungwa ya Muheza
Na jeki ya oili huvuja kurudi nyuma yenyewe. Fundi, jeki yako hairudi?

#69 Fundi Kange
Inarudi kidogo.

#70 Machungwa ya Muheza
Basi.

#71 Seremala wa Chuda
Irudiwe rodi juu, polepole ile ile, na rodi ikazwe kwa boliti jeki isihusike.

#72 Kijana wa Barabara 13
Mizani imerudi kwa mwenyewe, nimeifuta na kuiweka kama nilivyoikuta. Jana usiku shangazi kapanda, kasema amepungua kilo mbili Pangani kwa ajili ya samaki. Sijamwambia kitu.

Shokapu nimezifunga zote mbili, rodi chini. Mchana buti linasimama. Alfajiri ya leo limeshuka nusu. Mti wa mwarobaini bado uko nyuma ya siti.

#73 Dereva wa Milimani
Usilipeleke gari Lushoto bila huo mti.

#74 Mzee wa Kahawa Chungu
Mwenye mizani ya kidijitali Tanga mjini ajitokeze, mkeka haujakunjwa.